Mtoto Aliyebaki Upande Huu wa Daraja

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naitanguliza salamu kwa sababu nikishaanza kulalamika nitaisahau.

Baba amehamia kwangu. Mwenyewe anasema amekuja kutembea tu, lakini mtu aliyekuja kutembea habebi kiti chake, redio yake na pazia la chumbani. Amekuja hadi na lile sanduku la herufi za chuma alilopewa alipostaafu uchapaji. Wapagazi walilibinua kidogo tu, akawaka: "Miaka thelathini napanga herufi, leo mje mnichanganyie!" Nikajua huyu hajaja kutembea.

Shida ni macho. Kazi yangu ni kukata lenzi za miwani, kwa hiyo hapa siwezi kujidanganya. Presha ya macho imekula pembeni kote. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: ukikaa mbele yake anakuona uso mzima, ukisogea hatua moja kando umepotea. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Daktari anasema matone yatachelewesha mambo, ila hadhani kama mwaka utaisha Baba akiwa bado anaona. Nakuandikia wazi usije ukasema sikukuambia. Ni miaka kumi na tano hamjaonana. Njoo sasa, maana bado kuna wa kukuona.

La pili. Nilipokuwa namwaga kabati lake kule nyumbani, chini kabisa, ndani ya blanketi lililofungwa kwa kamba, nimekuta mashine ya gemu. Yetu! Ile aliyokuambia ameitupa jalalani. Padi yake ipo, na waya wake bado una ile tepu nyeusi uliyouzungushia baada ya panya kuung'ata. Sijamuuliza kitu. Niliirudisha kwenye blanketi kama mwizi, nikaja kuifungua chumbani kwangu.

Inawaka, Kaka. Ule wimbo wa mwanzo ulipolia nilikaa chini sakafuni, mimi mtu mzima ninayeitwa madamu na watu watano kazini, nikalia. Kijiji kipo. Nyumba ya yule mtoto ipo, na kobe wake wa kuongea yuko vilevile mgongoni, na mdomo wake haujapungua. Jina lake bado ni SISI, kama tulivyomwandika.

Ila nimekwama. Unakumbuka padi ilikuwa moja na sisi wawili, tukakaa bega kwa bega, wewe umeshika upande wa kulia na mimi wa kushoto. Mimi Miguu, wewe Mikono. Muda wote ule sikuwahi kugusa vitufe vyako. Sasa natembea vizuri tu, lakini sijui kuruka, sijui kupiga. Nimetumbukia kisimani mara tatu na kobe ananicheka. Nielekeze kipi ni kipi.

Na uje.

Mdogo wako,
Miguu


21 Februari

Miguu,

Marahaba. Barua yako imefika na gari la mboga, Jumanne, ikiwa na harufu ya vitunguu. Usisumbuke kunipigia. Kupata mtandao huku ni mpaka upande kilimani, na ukifika juu huna pumzi ya kuongea.

Cha chini anaruka. Cha kulia anapiga fimbo. Cha juu anaongea na kobe. Cha kushoto usikiguse, anatupa chakula chake na hakirudi. Kisimani unatumbukia kwa sababu unasubiri ufike ukingoni ndipo uruke. Ruka kabla. Nilikuwa nakuambia kila siku "sasa!" na wewe unasimama kutazama vipepeo.

Nimeisoma ile sehemu ya blanketi mara nne. Miguu, yule mzee alisimama mlangoni na karatasi ya matokeo yangu mkononi, akaniambia huku ananitazama machoni: "Kile kidude kimekula mtihani wako. Nimekitupa jalalani, kikale na takataka." Nikamwamini. Nilikwenda jalalani, pale nyuma ya nyumba, nikapekua mpaka jua likazama. Kesho yake nikaondoka. Sisemi niliondoka kwa sababu ya gemu, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini lile neno lilinichoma. Kumbe kilikuwa kabatini kinalala kwenye blanketi.

Kuja siwezi. Bwawa linajengwa usiku na mchana, jenereta zote nne ziko mikononi mwangu, na mkataba haunipi likizo mpaka mwisho wa mwaka. Pole kwa macho yake. Salamu zangu usimpe, maana hajaziuliza.

Na usivuke daraja bila mimi. Tulikubaliana. Matokeo yakitoka tunagonga kengele ya darajani, tunavuka, SISI anakuwa mtu mzima. Fimbo tunayo, taa tunayo, kila kitu kimo begani mwake. Kama si wewe kulia lia tungevuka mapema.

Mikono


9 Machi

Kaka,

Nilikuwa nalia kwa sababu yule mwenzangu wa darasani aliyemaliza gemu aliniambia: ukivuka, mtoto anakua kwa dakika moja, na hasikii tena kobe anasema nini. Na harudi kijijini. Ungelia na wewe.

Lakini leo silii, nina hasira.

Nimepata lile daftari langu lenye ua kwenye jalada. Kila tulipomaliza kucheza nilikuwa naandika saa zetu, kama zinavyoonekana kwenye kioo cha TV. Ukurasa wa mwisho nimeandika: saa thelathini na moja. Hiyo ni wiki uliyoanza kusomea mtihani. Sasa fungua masikio. Kwenye kadi ya memori ipo sevu moja tu, yetu, na inasema saa mia nne na kumi na mbili.

Mia nne na kumi na mbili! Nimetoka na kuingia mara tatu nikidhani ni kadi imeharibika. Haijaharibika. Kuna mtu kacheza saa karibu mia nne bila mimi, na kwa jinsi ninavyojua mimi, nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja aliyejua gemu na aliyeshinda nyumbani mwaka mzima "akisoma".

Miaka kumi na tano nimekutetea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwambia Baba mezani, "Kaka hakucheza, alikuwa anasoma." Alinifukuza mezani. Miaka yote hiyo mimi naye tukawa tunazunguka jina lako kama shimo barabarani, na ndani yangu nikisema mzee ndiye mkosaji. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Halafu unaniandikia habari za mkataba. Dereva wa gari lenu la mboga alikuja dukani kwangu kupima macho. Anasema likizo yako ya mwaka huu ulipewa Januari, ukaimaliza kambini ukitengeneza redio za watu. Kwa hiyo ulidanganya zamani na unadanganya sasa. Nataka kujua tu: ulikuwa unacheza nikiwa shule?

Wako


24 Machi

Miguu,

Dereva huyo ana mdomo mrefu, na natumaini umempa miwani mibovu.

Nijibu kwa mpangilio. La likizo ni kweli. Nilipewa siku ishirini na moja. Nilifunga begi, nikakaa juu ya begi, nikalifungua. Nikatengeneza redio sita. Mwaka juzi ilikuwa hivyohivyo. Naogopa, ndiyo jibu. Naogopa nitafika mlangoni na yeye atasema lile neno tena, na safari hii sina mahali pengine pa kukimbilia. Mtu wa miaka thelathini na minne anaogopa mlango. Cheka ukitaka.

La pili si kweli. Sikucheza bila wewe hata dakika moja. Ningechezaje? Mimi kutembea sijui! Ukimpa mtu kama mimi upande wa kushoto, SISI atazunguka kwenye ukuta kama nzi mpaka betri ya dunia iishe. Mwaka ule nilisoma, Miguu. Nilisoma mpaka macho yakawa mekundu. Nilifeli hesabu kwa sababu sikuzijua hesabu. Hakuna siri nyingine. Nilikaa mbele ya karatasi ile saa tatu, ikanitazama, nikaitazama. Lakini mzee alitaka pawe na mwizi, na gemu likawa mwizi. Nikamwacha aamini, kwa sababu afadhali kuitwa mvivu kuliko mjinga.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Sasa umelijua wewe, na dereva akipita kwako tena usimwambie.

Hizo saa mia nne sizijui. Nimeumia kwamba umeamini hivyo, lakini naelewa. Na mimi ningeamini.

Mikono


2 Aprili

Kaka,

Nisamehe. Naanza na hilo na nitamalizia na hilo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mjinga ni mimi.

Nimempata mwenye saa. Kaa chini.

Jumapili mchana nilihamishia mashine sebuleni, maana TV ya chumbani ni ndogo. Baba alikuwa amelala kitini kwake, au nilidhani amelala. Nikawasha, sauti chini. Nikamtembeza SISI kijijini, nikaruka kisima kwa mara ya kwanza maishani mwangu (kabla ya ukingo, asante), nikafurahi mwenyewe. Halafu simu ya kazini ikaita, nikataka kuzima. Nyuma yangu Baba akasema, taratibu kabisa, kama anaulizia chumvi:

"Umemlaza?"

Nikageuka. "Nimlaze nani, Baba?"

"Mtoto. Usizime hivyo. Mpeleke kitandani kwanza, ndipo anakumbuka."

Kaka, unajua kwamba sevu ya gemu lile ni kitanda. Ukimtembeza SISI mpaka kitandani kwake, analala na gemu linajisevu lenyewe. Hilo tulilijua watu wawili tu nyumbani, mimi na wewe. Nikamuuliza Baba amelijuaje, akajifanya kutafuta fimbo yake. Nikakaa mbele yake, pale anapoona, nikamwambia leo hatoki mtu hapa mpaka aseme. Akasema.

Nilipokwenda shule ya bweni, ule mwezi wa pili baada ya wewe kuondoka, alibaki peke yake nyumbani. Akaitoa mashine kwenye blanketi. Alikuwa ametuona tukiiwasha mara nyingi akipita na gazeti lake, tukidhani hatutazami. Akabonyeza kile cha katikati, kijiji kikatokea. Akashika padi. Na akashika upande wa kushoto tu.

Nikamwambia, "Lakini Baba, vitufe vya kulia?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha aibu. Akasema, "Ule ni upande wa kaka yako."

Hakuwahi kuvigusa. Alidhani gemu ndivyo linavyochezwa, kwamba ni la watu wawili na kila mtu ana upande wake, na yule wa pili hayupo. Kwa hiyo hakuruka, hakupiga, hakuongea na kobe. Alimtembeza tu yule mtoto. Anamtoa nyumbani, anampitisha kisimani kwa pembeni, anazunguka naye bustani, anamfikisha darajani kwenye kengele, anasimama naye pale. Kengele inagongwa kwa fimbo, na fimbo ni yako. Anasubiri kidogo. Anamrudisha nyumbani, anamlaza. Kila akitoka kazini, jioni, kabla ya kupika. Aliacha miaka miwili iliyopita alipoanza kumgonga kwenye kuta na hajui kwa nini. Ndivyo alivyojua kwamba macho yameanza.

Zidisha mwenyewe, kama hesabu zimekukubali siku hizi. Jioni ngapi ni saa mia tatu na themanini na moja?

Nimemwambia kuhusu karatasi ya hesabu. Najua ilikuwa siri. Nimevunja siri na sijutii. Aliomba rula na kalamu ya wino mzito. Alichoandika nimekiweka humu ndani na sijakisoma, ingawa nimejizuia kwa shida.

Nisamehe tena.

Miguu


2 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa kufuata rula. Mstari ukipanda ujue rula imeteleza.

Sikukitupa. Nilisema nimekitupa ili uogope usome tena mwaka unaofuata. Nilijua unapekua jalala. Nilikuona kutoka dirishani na nikaacha upekue. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Ulipoondoka asubuhi nilidhani utarudi Jumapili. Jumapili nikapika kwa watu watatu.

Mdogo wako ameniambia kwamba ulisoma na ulishindwa tu. Ungeniambia. Hapana, usingeniambia, kwa sababu nisingesikia. Nilipanga herufi za watu wengine miaka thelathini na kila kosa nililiona. Lako niliona lisilokuwepo.

Nilikukosea. Nimelisema mara moja ili lisiwe na maneno mengi ya kulifunika.

Usije kwa kunihurumia. Macho ni yangu na nitaishi nayo. Uje ukitaka mwenyewe.

Barua yako ya mwisho nimesomewa. Lugha yako imeharibika huko kambini lakini aya umezipanga vizuri.

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika karatasi tano nikazichana. Hii ni ya sita na nitaituma hata ikiwa mbaya.

Siku ile jalalani nilikuona dirishani. Nilidhani unanicheka.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili bila malipo. Msimamizi amegoma, kisha akauliza kuna nini, nikamwambia, akatia sahihi. Natoka huku na gari la mboga tarehe nane mwezi ujao. Nataka mwenyewe.

Mwanao


11 Mei

Miguu,

Nakuandikia kutoka mezani kwako, kwenye kiti chako, nikinywa chai yako. Sukari imeisha. Najua unaweza kupigiwa simu huko kwenye mafunzo yako ya mashine mpya ya lenzi, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu. Na usidhani sijui kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya mwezi ujao na wewe ndiye uliyeomba yasogezwe. Ulitukimbia makusudi. Asante.

Nilifika Ijumaa mchana. Nilisimama nje ya mlango wako muda mrefu kiasi kwamba jirani aliniuliza kama nauza kitu. Mlango ukafunguka kabla sijagonga. Alikuwa akinisikia napumua nje, na yeye yuko ndani, kumbe kila mmoja anamsubiri mwenzake. Akasema, "Sogea hapa kati." Nikasogea. Akasema, "Umechelewa, ugali umepoa." Tukala. Siku ya kwanza ilikwisha hivyo, tukazungumza habari za jenereta. Anajua mengi kuhusu jenereta kwa mtu asiyejua lolote.

Jana ndiyo siku. Yeye ndiye aliyeanza. Akakaa sakafuni, na magoti yale! Nikamwambia panda kitini, akasema nyinyi mlikuwa mnakaa sakafuni. Nikakaa. Akanipa upande wa kulia wa padi.

Miguu, anatembeza vizuri kuliko wewe. Usikasirike. Kile kijiji anakijua kama mfuko wake. Mwanzoni aligonga ukuta mara mbili, kisha akawa haangalii hata kuta, anazijua kwa vidole, kama herufi zake. Mimi nikawa nasema "sasa!" naruka. Kwenye kisima alipoona mtoto anapita juu badala ya kuzunguka, aliacha padi akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, hata Mama alipokuwepo. Akataka turudie. Tumekiruka kile kisima mara kumi na moja.

Nilimfundisha kitufe cha kobe. Alikuwa hajui kwamba kobe anaongea. Akaniambia, "Miaka yote hii yuko mgongoni na ana maneno?" Tukamsikiliza kobe kwa muda. Baba alimjibu.

Halafu darajani. Akamsimamisha SISI mbele ya kengele, kama alivyokuwa akimsimamisha. Akaniuliza ng'ambo kuna nini. Nikamwambia sijui, hatukuvuka, ila wanasema akivuka anakuwa mtu mzima.

Akageuka. "Anakua?"

"Ndiyo, Baba. Na harudi tena kijijini."

Akasema, "Mimi nilidhani ni mtoto tu. Nilidhani ndivyo alivyotengenezwa, anabaki hivyo. Ningejua anasubiri kukua ningetafuta mtu wa kumgongea."

Nikamwambia tunaweza kuacha, tukamlaza tu kama kawaida. Nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa radhi kabisa yule mtoto abaki pale.

Akasema, "Gonga."

Nikagonga mara tatu. Lango likafunguka, yeye akamtembeza. Lile daraja ni refu, Miguu, na wimbo unabadilika polepole, na katikati kuna ukungu. Tunaingia kwenye ukungu mtoto, tunatoka ana mabega. Sura ndefu, sauti nyingine, kobe kanyamaza. Samahani kwamba hukuwepo. Nimekusevia kabla ya daraja, kwenye kadi mpya, na ukirudi tutavuka tena watatu, kama padi itatutosha.

Nilikuwa natazama TV, nasubiri Baba aendelee kutembea. Hakutembea. Nikamtazama. Alikuwa ameshageuza kichwa chote, unajua anavyogeuza siku hizi ili akuweke katikati, na alikuwa ananitazama mimi. Wimbo ukaisha, ukaanza upya, bado ananitazama. Aliinua mkono, akanigusa juu ya sikio la kushoto.

"Una mvi hapa," akasema. "Mbili."

Nimekwenda kwenye kioo chako cha bafuni kuhakikisha. Ni kweli, zipo. Nilikuwa sijaziona.

Kaka yako